Taya limevunjika, afungwe waya au awekwe pleti? Kwa sie wa Unguja na Pemba

Bodaboda zimejaa, vespa ndo usiseme, na kule Pemba msimu wa karafuu ukiingia watu wanaanguka mikarafuuni, kwa hiyo taya kuvunjika si jambo geni kwetu. Na kila ikitokea familia inakaa nje ya wodi inaulizana lile lile, tukubali afungwe waya (meno ya juu na ya chini yafungwe pamoja) au tutafute pesa awekwe pleti (kijibati cha kushikia mfupa kwa skrubu)? Mmoja atasema waya ni mambo ya zamani, mwengine atasema pleti ni kuliwa pesa tu, na wote wawili hata picha ya mgonjwa hawajaiona.

Mie nimeuguza namna zote mbili, shemegi yangu alofungwa waya na mtoto wa ami yangu alowekwa pleti, na madaktari nimewauliza mpaka basi. Msimamo wangu nautoa mapema. Kuna taya ambalo waya zinalitosha kabisa na kuuza shamba ili upelekwe Dar ni kujitesa, na kuna taya ambalo ukilifunga waya kwa sababu tu ndo rahisi unamdhulumu mgonjwa. Kinachoamua ni limevunjika wapi, limehama kiasi gani, meno yapo au hayapo, na mgonjwa anarudi kwenye nyumba gani.

Kabla ya yote, kichwa kwanza. Mtu kama alizimia, anatapika, anaropokwa, au anatokwa na maji mepesi puani au sikioni, hapo suala la taya linasubiri, ni fuvu hilo, anataka picha ya CT ya kichwa na asipenge kamasi kabisa. Shingo pia iangaliwe. Hospitali ya Mnazi Mmoja hapa Unguja toka 2014 kuna kitengo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, kwa hiyo hilo si la kulikimbiza Dar kwa hofu bila kuuliza. Taya linaweza kungoja siku kadhaa bila madhara makubwa, mradi anapewa antibayotiki, mdomo unasafishwa na maumivu yanadhibitiwa. Isipokuwa kama damu haikati au ulimi unaanguka nyuma pumzi inamkata, hiyo ni dharura ya hapo hapo, mkalishe ainame mbele, usimlaze chali.

Na tafadhalini, msimkande. Najua nyumbani mtu akivunjika mkono watu wanaita mkandaji, lakini taya lenye meno likivunjika ufizi karibu siku zote umechanika, maana yake mfupa umeshaonana na mate na uchafu wa mdomo, ukikanda unasogeza vipande na unapeleka vijidudu ndani.

Dalili ambazo hata wewe nyumbani unaziona: meno hayakutani kama zamani (mgonjwa mwenyewe atakwambia "yamekaa upande"), damu imevilia chini ya ulimi, mdomo wa chini umeingia ganzi, au kafunguka kidevu kwa jeraha na anaumwa mbele ya masikio. Hii ya mwisho watu wanaipuuza sana. Mtu kaangukia kidevu, anashonwa nyuzi anarudishwa nyumbani, kumbe vichwa vya taya huko juu karibu na masikio ndo vimevunjika. Taya la chini ni kama bangili, ukiibana ikavunjika hapa, tafuta na pengine ilipovunjika. Kwa hiyo picha moja ya upande haitoshi, itakiwe ile ya kuzunguka taya zima au za pande mbili tafauti.

Sasa vyenyewe vinafanywa vipi

Waya. Daktari anachukua kipande cha chuma chembamba chenye vindoana, anakilaza kufuata mstari wa meno ya juu, chengine ya chini, anavifunga kwa waya za stili zenye unene kama nusu milimita zinazozungushwa jino moja moja. Halafu meno yakishakutana sawasawa anafunga vindoana vya juu na vya chini pamoja. Kwa hiyo taya la juu ndo linakuwa gango la taya la chini. Mara nyingi ganzi tu inatosha, huhitaji nusu kaputi. Kufunga taya la juu na la chini pamoja ni njia kongwe, Mmarekani mmoja Thomas Gilmer aliieleza 1887 na mpaka leo bado inatumika kwa sababu inafanya kazi. Mtu mzima anakaa hivyo wiki 4 mpaka 6.

Pleti. Hapa ni tiata na nusu kaputi kamili, na bomba la kupumulia linapitishwa puani, mana daktari anataka meno yafunge wakati anafanya kazi. Anachana ndani ya mdomo chini ya ufizi, anarudisha vipande vya mfupa mahala pake, anavishika kwa kijibati cha titani chenye unene kama milimita 1 na skrubu za milimita 2. Usifikirie dude kubwa. Miaka ya 1970 Wafaransa, Michelet na baadae Champy wa Strasbourg, ndo walioonesha kwamba ukiweka kijibati kidogo kwenye ule mstari ambao mfupa unavutwa mtu akitafuna, kinatosha. Ndo mana nyuma kwenye pembe ya taya wanaweka moja, na mbele kwenye kidevu wanaweka mbili.

Kuna kitu wengi hawakijui: hata wa pleti anafungwa waya pale pale mezani. Meno lazima yakutane kwanza ndipo pleti ikazwe, halafu waya zinafunguliwa, ama anabakishiwa mipira midogo ya kuvutika, inayoshika vindoana vya juu na vya chini, siku chache. Daktari akikaza pleti bila kuangalia meno, mfupa kwenye picha utaonekana mzuri na mgonjwa hatoweza kutafuna. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "pleti haina mambo ya meno", huyo hajaelewa.

Na pleti haiuharakishi mfupa kuunga. Mfupa una muda wake, wiki hizo hizo. Pleti inakupa ruhusa ya kufungua mdomo wakati mfupa unaunga, basi, lakini hiyo ruhusa ni kubwa kuliko inavyosikika.

Maisha ya nyumbani, hapa ndo tafauti yenyewe

Shemegi yangu kipindi chote cha waya alikuwa anakula kwa mrija na sirinji kubwa isiyo na sindano, imetiwa kijipira mbele, unakipitisha pembeni kwenye shavu mpaka nyuma ya gego la mwisho, pale pana uwazi kidogo. Uji wa mtama, supu ya pweza, juisi ya boribo, boga la tui, dengu zilosagwa, maziwa na ndizi mbivu kwenye blenda. Vyote vinachujwa, mana chembe moja ikikwama kwenye waya inamkera usiku kucha. Kosa linalofanyika sana ni kumpa mgonjwa maji ya supu tu, nyama mnakula nyie. Saga na nyama yenyewe, saga na samaki alotolewa miba, tia mafuta, tia tui, mana mtu aliyefungwa anapungua kilo kadhaa na mwili usio na chakula hauungi mfupa vizuri. Na apewe kidogo kidogo mara nyingi, sio milo mitatu. Urojo alikuwa akiutamani sana masikini, ila ndimu na pilipili kwenye ufizi wenye majeraha ya waya ni moto, tukamsubirisha.

Kusema anasema, meno yamefunga lakini midomo inacheza, baada ya siku chache mnaelewana. Mengine anaandika kwenye simu. Siku moja kanionesha kaandika "shem leo kitamu, tia chumvi", nikajua anapata nafuu. Kilichomtesa ni ncha za waya zinazochoma midomo ndani, dawa yake ni nta kidogo unaibandika juu ya ile ncha, na usafi, mswaki mdogo laini kwa nje na kusukutua maji ya chumvi kila baada ya kula. Usafi ukilegea ufizi unavimba na mdomo unanuka, mgonjwa anaona haya kukaa na watu.

Mtoto wa ami yangu yeye siku ya pili baada ya operesheni alikuwa anakunywa uji kwa kijiko, uso umevimba vibaya lakini mdomo unafunguka. Watu wakadhani kapona. Hapana, wiki 4 mpaka 6 ni vilaini tu, wali laini wa maziwa, viazi vya kuponda, ndizi, samaki wa kuchambua, wala asijaribu pweza mzima, muwa au nyama ya mshikaki. Pleti ni ndogo, ukiitafunia vigumu mapema skrubu zinalegea. Ila yeye anasomesha madrasa, na mtu anayeishi kwa kusoma na kusomesha kufungwa mdomo wiki sita ni kazi kusimama kabisa. Alirudi taratibu darasani wakati ambao mtu alofungwa waya angekuwa bado anaandika kwenye simu. Hapo pleti ilijilipa.

Lakini pleti nayo ilimpa lake. Mdomo wa chini na kidevu upande mmoja viliingia ganzi, miezi. Mshipa wa fahamu wa kidevu unapita ndani ya taya na unatokea chini ya magego madogo, kwa hiyo ajali yenyewe inaweza kuuumiza na operesheni nayo inaweza kuuvuta. Chai inamchuruzika kidevuni hana habari mpaka mkewe amguse. Imerudi pole pole kwa kuwashawasha. Kwa wengine hubaki ganzi kidogo moja kwa moja, na hili daktari analisema kabla hujatia saini, likisemwa lisikilizeni.

Kutapika, na boti ya Pemba

Hili linahusu watu wa Pemba zaidi na sijaona linaelezwa ipasavyo. Mtu alofungwa meno akitapika hatari ni kupaliwa. Kila aliyefungwa anatakiwa atembee na mkasi wa kukata waya, na mtu anaefuatana nae aoneshwe na daktari, kwa macho, waya zipi za kukata, zile zinazounganisha juu na chini, sio zile zilozunguka meno. Akianza kutapika kwanza ainame mbele kichwa chini, matapishi mengi yatatoka pembeni ya meno na midomoni, unakata tu kama pumzi inashindikana. Sasa fikiria mtu kafungwa Unguja asubuhi na jioni kapandishwa boti kurudi Mkoani wakati wa kusi, mkondo wa Nungwi unavyorusha vyombo, watu wazima na afya zao wanatapika! Kama ni waya na nyumbani Pemba, mwambieni daktari mapema. Pengine atatumia mipira badala ya waya mpaka afike, pengine atawaandikia dawa ya kichefuchefu, pengine mtakaa Unguja siku chache au mtapanda ndege. Msinyamaze kwa kuona haya.

Kwa sababu hiyo hiyo ya pumzi na matapishi, kuna watu ambao mie naona waya zisiwe chaguo la kwanza: mwenye kifafa, mwenye pumu kali, mjamzito anayetapika sana, mwenye maradhi ya akili ambaye hatovumilia kufungwa, mlevi. Hawa pleti hata kama ni ghali ndo salama zaidi.

Waya zinamtosha nani

Kijana mwenye meno yake kamili, kavunjika pahala pamoja, vipande havijahama sana, ana mtu nyumbani wa kumpikia na anaweza kurudi kliniki kila wiki kukazwa na kuangaliwa. Huyu akifungwa waya vizuri anapona sawa na wa pleti, na kaepuka kisu, nusu kaputi na hatari ya pleti kuingia usaha. Kuna na wa tatu mnamsahau: taya limepata ufa tu, meno yanakutana sawasawa, hilo mara nyengine halihitaji hata waya, ni chakula laini, dawa na kuangaliwa. Daktari akikwambia hivyo usimuone mvivu.

Pleti ni kwa aliyevunjika pahala zaidi ya pamoja na vipande vinacheza, au alohama sana, au aliyevunjika na taya la juu. Uso wa kati ukiachana na fuvu (mgawanyo wake aliuweka Mfaransa René Le Fort 1901 na madaktari bado wanautumia) waya peke yake hazitoshi, mana taya la juu lenyewe ambalo lingekuwa gango ndo linaning'inia. Na mzee asie na meno pia, hakuna pa kuzungusha waya, bi mkubwa wa miaka sabini akianguka bafuni akavunjika taya jembamba, suala lake ni la kukaa na daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso, sio la kuamuliwa kwenye korido.

Watoto naomba muwatenge kabisa na haya yote. Mtoto kaanguka mwembeni kaangukia kidevu, kichwa cha taya kimevunjika karibu na sikio, mtu mzima mwenye huruma atasema afungwe muda mrefu apone vizuri. Ni kinyume chake. Mfupa wa mtoto unaunga haraka, na kiungo kile kikikaa bila kutikisika kinaweza kuganda, mdomo ukawa haufunguki tena na taya lisikue, mtoto anakuwa na kidevu kidogo maisha yake yote. Kwa hiyo mara nyingi hawafungwi kabisa au wanafungwa siku chache, kisha wanafanyishwa mazoezi ya kufungua mdomo mapema. Pleti kwa mtoto pia ina tabu, vichipukizi vya meno ya ukubwani vimo humo humo ndani ya mfupa, skrubu inaweza kuvipata. Mtoto apelekwe kwa bingwa, na akishapona aendelee kuangaliwa anavyokua.

Kinachoharibika

Waya zikiharibika: zinalegea, meno yanavutwa, ufizi unaumia, na baada ya kufunguliwa taya linakuwa gumu, hilo la ugumu ni la kawaida na linataka mazoezi. Pleti zikiharibika: zinaingia usaha, skrubu inalegea, pleti inatokeza kwenye ufizi, na hapo unarudi tiata kuitoa. Bila hivyo titani haitolewi, inakaa mwilini maisha, haishikwi na sumaku na haikuzuii kupigwa picha ya MRI baadae. Usaha unawapata zaidi wavuta sigara, wenye sukari isiyodhibitiwa na wasiosafisha mdomo. Na hapa nasema kwa msisitizo, tambuu, ugoro na kuberi viwekwe kando mpaka daktari aseme, kwa wote wawili. Wa waya hata akitaka hawezi tambuu, wa pleti ndo anajiiba.

Pesa na safari

Waya ni rahisi hospitali na ghali nyumbani. Mtu hafanyi kazi, kuna mtu anakaa kumpikia na kusaga, nauli za kliniki kila wiki, kama anatoka Micheweni au Makunduchi hizo nauli zinakuwa kitu. Pleti ni ghali hospitali na nafuu nyumbani. Mkipiga hesabu pigeni zote mbili, mana nimeona familia ikichagua waya kwa ajili ya bei na mwisho wa yote ikatumia zaidi kwa kazi ilosimama.

Kuhusu wapi, anzeni kwa daktari wa kinywa na meno wa hospitali iliyo karibu, ya wilaya, Abdulla Mzee kule Mkoani au Mnazi Mmoja, apige picha na afunge kwa muda. Kama kesi inataka bingwa wa taya na pleti, atawaandikia rufaa, na Muhimbili ndo mahala ambapo kesi nzito za uso zinakwenda, chuo chao cha MUHAS ndo kinachosomesha hao mabingwa. Muhimu msipoteze wiki mkibishana. Mfupa ukishaanza kuunga vibaya, baada ya wiki mbili tatu, kuurudisha ni kuuvunja upya, na hiyo operesheni ni kubwa kuliko ile mliyoikimbia.

Mkikaa na daktari muulizeni haya: limevunjika sehemu ngapi, limehama kiasi gani, kuna jino kwenye ufa na litatolewa au litabaki, ukifunga waya utafunga wiki ngapi, ukiweka pleti utachana ndani au nje (kuna kesi za nyuma wanachana nje chini ya taya na kovu linabaki), na ile bei mnayotajiwa imo pleti na skrubu au mtaambiwa mnunue pembeni. Kama mgonjwa yumo kwenye Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar au bima nyengine, ulizeni pleti zenyewe zinalipiwa au ni kitanda na operesheni tu, na mulizeni kabla ya siku ya tiata.

Baada ya yote, wa waya akishafunguliwa na wa pleti akishapoa uvimbe, kipimo cha nyumbani ni vidole vitatu vyake mwenyewe, vimesimamishwa kimoja juu ya chengine baina ya meno ya mbele. Mwanzoni kimoja kitaingia kwa tabu, si kitu, afanye mazoezi mara kadhaa kwa siku, taratibu bila kulazimisha. Wiki zikipita na bado ni kile kile kimoja, au akifunga meno yanagusana upande mmoja tu, arudi kwa daktari asingoje siku ya miadi.